SOMO LA ROBO HII: Neno "RAID" Katika Profoma, Tunanunua Nini Hasa?



Zamani kumbukumbu za usharika zilikaa katika vitabu: kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, daftari la ahadi na leja ya mhasibu. Kabati likishafungwa kwa kufuli, kazi ya ulinzi ilikuwa imekwisha. Siku hizi sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imo katika kompyuta, na katika sharika, shule na zahanati nyingi kompyuta moja tu ndiyo inayobeba karibu kila kitu. Ndiyo maana profoma zinazoletwa mbele ya kamati huwa na mstari unaosema "seva yenye RAID". Wajumbe husikia kwamba neno hilo ni la usalama, nao hupitisha.

Somo hili linahusu mstari huo mmoja. Tunataka kuonyesha kwamba vipo vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina hilo moja. Kimoja ni kadi halisi yenye uwezo wake. Kingine ni programu iliyobandikwa jina la kifaa, nayo huja bure ndani ya kompyuta ya bei nafuu. Kamati isiyojua tofauti inaweza kulipa fedha za sadaka au za mfadhili kwa ulinzi ambao haupo.

1. RAID NI NINI?

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoeneza wazo hili: badala ya kutegemea diski moja kubwa ya bei ghali, tutumie diski kadhaa za bei nafuu, zikiwa zimepangwa kwa namna ambayo moja ikifa kazi inaendelea. Mpango huo ndio unaoitwa RAID. Namba inayofuata jina hilo huonyesha aina ya mpangilio:

- RAID 0: taarifa hugawanywa kati ya diski zote ili kuongeza kasi. Haina ulinzi wowote. Diski moja ikifa, vyote vimepotea.
- RAID 1: diski mbili hubeba kitu kilekile. Moja ikifa, nyingine inaendelea.
- RAID 5: diski tatu au zaidi, ambapo nafasi ya diski moja hutumika kuweka hesabu ya ukaguzi. Diski nne za TB 1 kila moja hutoa nafasi ya TB 3, na moja ikifa taarifa zake hupatikana kwa kukokotoa.
- RAID 6: kama RAID 5, lakini huvumilia vifo vya diski mbili.
- RAID 10: jozi za RAID 1 zilizounganishwa. Diski nne za TB 1 hutoa nafasi ya TB 2.

Je, diski hufa kweli? Ndiyo. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha kwamba katika mitambo waliyoichunguza, ilikuwa kawaida kubadilisha asilimia 2 hadi 4 ya diski kila mwaka, na mahali pengine ilifika asilimia 13, wakati karatasi za watengenezaji zilitaja kiwango kisichofika asilimia 1. Mwaka huohuo wahandisi wa Google walitoa matokeo ya diski zaidi ya 100,000. Ukiacha kipimo cha joto, zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika vipimo vya onyo vilivyomo ndani yake.

Hesabu ndogo itatusaidia. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 wa kufa ndani ya mwaka. Ukiweka diski nne katika RAID 0, uwezekano wa kupoteza kila kitu katika mwaka huo unapita asilimia 11. Kwa hiyo neno "RAID" peke yake halitoshi. Profoma isiyotaja namba irudishwe kwa muuzaji.

2. VITU VIWILI, JINA MOJA

Kitu cha kwanza ni kadi ya RAID. Hii huchomekwa katika seva au hujengwa ndani yake tangu kiwandani. Ina prosesa yake, memori yake, programu yake na, katika kadi nzuri, betri yake. Diski zote huungwa kwenye kadi hiyo. Windows au Linux haizioni diski zile moja moja, bali huona diski moja tu iliyoletwa na kadi. Mifano inayojulikana ni MegaRAID, Adaptec, Smart Array za HP na PERC za Dell.

Kitu cha pili ni RAID ya ubao mama, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji walianza kuweka RAID katika mazabodi za kompyuta za kawaida. Mwaka 2000, kwa mfano, Abit iliuza mazabodi ya KT7-RAID yenye chipu ya HighPoint. Mwaka 2004 Intel ilileta Matrix RAID pamoja na chipu ya ICH6R, na baadaye teknolojia hiyo ikaitwa Rapid Storage Technology. AMD nayo ina ya kwake.

Ndani ya mazabodi hizo hakuna prosesa ya RAID wala memori ya RAID. Ipo milango ya kawaida ya kuunganisha diski, na ipo programu ndogo ndani ya BIOS inayosaidia kompyuta kuwaka. Ikishawaka, kazi yote ya RAID hufanywa na draiva, kwa kutumia prosesa ileile inayoendesha programu ya mhasibu. Mafundi wa Linux huiita kwa kejeli "RAID bandia". Haina maana kwamba haifanyi kazi kabisa, bali si kile ambacho jina lake linaahidi.

3. MAPUNGUFU YA RAID YA MAZABODI

(a) Umeme ukikatika. Hili ndilo kubwa zaidi kwa mazingira yetu, kwa hiyo tulieleze kwa mfano. Tuseme diski ya kwanza ina namba 7, ya pili ina namba 5, na ya tatu ina jumla yake, yaani 12. Kompyuta halisi hutumia hesabu ya aina nyingine, lakini mantiki ni ileile. Diski ya pili ikifa, tunachukua 12, tunatoa 7, tunapata 5. Hakuna kilichopotea.

Sasa mhasibu anabadilisha ile 7 kuwa 9. Ni lazima jumla nayo ibadilike kuwa 14. Umeme unakatika baada ya 9 kuandikwa na kabla ya 14 kuandikwa. Jumla inabaki 12. Kompyuta inawaka tena na kila kitu kinaonekana sawa. Ikiwa kosa hilo halijagunduliwa na kurekebishwa, siku diski ya pili itakapokufa mashine itachukua 12, itatoa 9, na kuandika 3. Ile 5, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, imegeuka kuwa 3, na hakuna onyo lolote. Fikirini hiyo 5 ilikuwa ahadi ya mwumini au dozi ya mgonjwa.

Kadi ya kweli yenye betri huzuia jambo hili. Maandishi yaliyokuwa njiani hubaki katika memori ya kadi yakilindwa na betri. Kadi nyingi za miaka ya 2000 ziliweza kuyatunza kwa takriban saa 72, na kadi za baadaye huyahamishia katika memori isiyohitaji umeme. Umeme ukirudi, kadi humalizia kuandika. RAID ya mazabodi haina mahali pa kuyaweka. Draiva nyingine hutoa chaguo la kuharakisha uandishi kwa kutumia memori ya kompyuta yenyewe, lakini memori hiyo hufutika umeme unapokatika, kwa hiyo chaguo hilo huongeza hatari.

(b) Kutegemea draiva na mpangilio wa BIOS. Kila mazabodi ina betri ndogo ya duara kama ya saa. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo huisha, na BIOS inaweza kurudi katika mpangilio wa kiwandani, ambao mara nyingi RAID imezimwa. Hapo kompyuta inaweza kukataa kuwaka, au ikawaka ikiona diski mbili zilizotengana. Ikianza kuandika kwenye moja tu, diski zile mbili zinaacha kufanana. Fundi akirudisha RAID bila kujua kilichotokea, nakala ya zamani inaweza kuandikwa juu ya ile mpya. Betri ya bei ndogo imeangusha mfumo mzima.

(c) Mazabodi ikiungua. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuandika mpangilio wa RAID ndani ya diski. Kwa RAID 1 mara nyingi diski moja inaweza kusomwa peke yake katika kompyuta nyingine. Kwa RAID 0, 5 na 10 kwa kawaida inahitajika mazabodi yenye chipu ya familia ileile, na mazabodi za kompyuta za kawaida hazikai sokoni kwa muda mrefu. Linux inaweza kusoma baadhi ya mipangilio hiyo, hasa ya Intel, lakini inahitaji fundi mwenye ujuzi huo.

(d) Kutotoa taarifa. Kadi ya kweli hulia, huwasha taa nyekundu kwenye diski iliyokufa, na ikipangwa vizuri humpelekea msimamizi barua pepe. RAID ya mazabodi mara nyingi huandika ujumbe wakati wa kuwaka tu, au huonyesha alama ndogo pembeni mwa skrini. Seva iliyofungiwa katika chumba cha stoo haina wa kuiangalia. Diski ya kwanza inaweza kufa mwezi wa pili, na watu wakajua mwezi wa tisa, siku ya pili inapokufa.

(e) Kasi ya kuandika. Katika RAID 5, badiliko dogo moja huhitaji hatua nne: kusoma taarifa ya zamani, kusoma hesabu ya ukaguzi ya zamani, kisha kuandika mpya zote mbili. Kadi huficha ucheleweshaji huo kwa memori yake inayolindwa. RAID ya mazabodi haina pa kuuficha. Tuseme na ukweli hapa: zamani ilisemwa kwamba tatizo ni prosesa ya kompyuta kulemewa na hesabu. Kwa prosesa za leo hesabu hizo ni kazi ndogo. Kinachokosekana ni ile memori inayolindwa.

(f) Kubadilisha diski. Seva yenye kadi huwa na vishubaka vya mbele. Fundi huchomoa diski iliyokufa na kuweka mpya huku kazi ikiendelea. Kompyuta ya kawaida yenye RAID ya mazabodi kwa kawaida huzimwa na kufunguliwa kwa bisibisi, na fundi hukisia ni diski ipi iliyokufa. Akichomoa ile nzima kwa makosa, matatizo yameongezeka.

4. JE, KADI YA KWELI HAINA MAPUNGUFU?

Inayo, na ni haki kuyataja ili kamati isiruke maji na kukanyaga matope.

Kwanza, bei. Kadi nzuri pamoja na betri yake inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya kompyuta nzima ya ofisi. Pili, kadi nayo ni kifaa kimoja. Ikifa, itahitajika nyingine ya familia ileile. Makampuni nayo hununuliwa na bidhaa hukoma: kampuni ya 3ware, iliyosifika kwa kadi zake, ilinunuliwa na AMCC mwaka 2004, kisha shughuli hiyo ikaenda LSI mwaka 2009, na LSI nayo ikanunuliwa na Avago mwaka 2014. Tatu, betri huzeeka. Ikifa, kadi nyingi huacha kutumia memori yake kwa uandishi, na seva hupungua kasi ghafla. Nne, diski za kawaida za mezani zinapopata sehemu mbovu huweza kujaribu kuisoma kwa muda mrefu kuliko kadi inavyovumilia. Kadi hudhani diski imekufa na kuitoa katika safu. Kwa hiyo ukinunua kadi, nunua na diski zilizotengenezwa kwa kazi ya RAID.

5. IPO NJIA YA TATU

Watu wengi hawaambiwi jambo hili na wauzaji. Kama RAID ya mazabodi ni programu tu, basi heri kutumia programu iliyo bora na iliyo wazi. Linux ina RAID yake, inayosimamiwa kwa programu iitwayo mdadm. Windows Server ina Storage Spaces tangu toleo la 2012. ZFS, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 2005, hukagua kila kipande cha taarifa kinaposomwa, na huandika kwa namna inayoepuka lile kosa la 9 na 12 tulilolieleza.

Faida yake kubwa ni kwamba haifungwi na mazabodi wala kadi. Kompyuta ikiungua, diski za mdadm au ZFS huhamishiwa katika kompyuta nyingine yenye Linux inayofaa na kusomwa. Gharama yake ni ujuzi wa fundi. Kama hakuna anayeijua karibu nanyi, faida hiyo hupungua.

6. USHAURI KWA KAMATI

Kwa ofisi ya usharika yenye kompyuta moja na watumiaji wachache: diski mbili za RAID 1 kwa programu ya mfumo wenyewe, UPS nzuri, na nakala za akiba. Kadi ya bei kubwa si lazima.

Kwa hospitali, chuo au ofisi yenye watu wengi wanaoandika kwa wakati mmoja: seva yenye kadi ya kweli, memori inayolindwa, diski moja ya akiba kabatini, na mkataba wa matengenezo unaotaja betri.

Kwa wale ambao tayari wana RAID ya mazabodi: msiibomoe kwa haraka. Kwanza toeni nakala ya taarifa zote. Kisha hakikisheni kama ni RAID 1 au ni RAID 0. Pigeni picha mpangilio wa BIOS na kuutunza katika faili, wekeni betri mpya ya duara, na mteueni mtu wa kuangalia hali ya diski kila juma na kutia sahihi.

Kwa wafadhili wanaotuma seva zilizotumika: tunashukuru sana. Tunaomba mtume pamoja na seva hiyo betri mpya ya kadi, diski mbili za akiba za aina ileile na, ikiwezekana, kadi ya pili. Vitu hivyo ni vidogo katika kontena, lakini kuvipata huku ni kazi ngumu.

Na kwa wote: RAID si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, RAID hulifuta katika diski zote kwa wakati mmoja. Kirusi kikiingia, radi ikipiga au mwizi akibeba kompyuta, diski zote huenda pamoja. Pawepo diski ya nje inayotolewa ofisini kila juma na kutunzwa katika jengo jingine, na kila robo mwaka mtu ajaribu kurudisha faili chache ili kuthibitisha kwamba zinasomeka.

7. MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. RAID hii ni ya namba gani, na itabaki nafasi kiasi gani ya kutumia?
2. Ni kadi au ni ya mazabodi? Kama ni kadi, jina na modeli yake ni nini?
3. Ina memori kiasi gani, na inalindwa na nini umeme ukikatika?
4. Diski ikifa, nani atajua, na kwa njia gani?
5. Kadi au mazabodi ikiungua, taarifa zitasomwaje? Nani atatuonyesha?
6. Diski ya akiba imo katika bei hii?

Muuzaji anayejua kazi yake atajibu maswali haya kwa dakika kumi. Asiyeweza kujibu swali la pili, kamati isimlipe malipo ya awali.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kumbukumbu gani za usharika wetu zimo katika kompyuta tu, bila karatasi?
2. Kompyuta hiyo ikifa leo usiku, kesho tutajua nini kuhusu ahadi, mishahara na madeni?
3. Nakala ya akiba ya mwisho ilitolewa tarehe ngapi, na iko wapi sasa?
4. Nani kati yetu, si fundi peke yake, anajua kompyuta yetu ina RAID ya aina gani?

Tunaomba majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na nakala iletwe ofisi ya miradi kabla ya vikao vya bajeti. Usharika utakaokuta kwamba una RAID 0 usisubiri vikao hivyo, bali utoe nakala ya taarifa zake juma hilihili.